Kisanduku Kimoja

Kompyuta mpya imeletwa, na ndani yake kisanduku:
UHUSIANO, kimeandikwa, nafasi ya neno moja tu.
Neno moja! Waliokiunda
hawajawahi kukaa msibani Isevya
wakasikia mtu akitambulishwa.

Basi Jumatano, Oktoba, saa ambayo hata feni inahema,
nikavitandaza juu ya meza ndefu ya wasomaji:
riwaya, *Mzinga wa Saba*, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia;
riwaya ileile, chapa ya pili, mwisho umebadilishwa;
tamthilia iliyotolewa humo;
kaseti ya redio, upande mmoja bado unasikika;
tafsiri ya Kinyamwezi iliyopigwa taipu, mtafsiri hajulikani;
mwongozo wa mitihani, maswali na majibu;
na katuni ambamo nyuki wamevaa miwani
wakimcheka mrina asali.

Nikawaambia waliokuwepo: vipangeni.

Kalunde wa kidato cha tatu akaanza na mwongozo.
"Huyu ndiye mama," akasema,
"hao wengine nimewajua kupitia kwake."
Nilitaka kumsahihisha. Nikameza.
Mtoto aliyelelewa na shangazi,
akianguka usiku, humwita nani?

Msabila, fundi wa reli mstaafu, akazitenga zile chapa mbili.
"Hizi si kitu kimoja. Humu Mihambo anarudi na asali.
Humu harudi.
Treni iliyofika na treni isiyofika
utaziitaje treni moja, hata namba ikiwa moja?"
Mama Kashindye wa vitenge akamdaka:
"Gauni nikilipunguza upindo, limekuwa la mtu mwingine?"
Wakabishana mpaka mlinzi akachungulia.

Tafsiri waliiweka kando ya riwaya, bega kwa bega.
Kisha Ngelela akaisoma kwa sauti, ukurasa mmoja,
akanyamaza kidogo.
"Hii ndiyo iliyotangulia. Sikieni wanavyotukanana!
Kule kwenye Kiswahili
ndiko walikokuwa wanatafsiriwa."
Tarehe ilikuwa palepale, chini ya jalada,
miaka kumi na miwili nyuma ya riwaya.
Hakuna aliyeitazama.

Katuni ikasukumwa pembeni kama mlevi harusini.
Msabila akairudisha.
"Mnamfukuza mtani?
Nani atamwita marehemu bahili
siku ya kumzika, mbele ya wanawe?
Mtu baki hana ruhusa ya kucheka hivi."

Hapo akaingia Nyanzobe, muuza mahindi wa getini,
amefuata maji ya kunywa, kikombe mkononi.
Akasikia Mihambo, akasikia mizinga, akasimama.
"Hiyo hadithi mama yangu alikuwa akitutambia, Sikonge,
tukibangua karanga.
Mizinga ilikuwa sita.
Huu wa saba mmeutoa wapi?"

Tukatazamana.
"Labda aliisoma," Kalunde akajaribu.
"Nani? Mama?
Hata stakabadhi ya kodi alitia dole gumba."
Akanywa maji yake yote, akaosha kikombe,
akarudi kwenye jiko lake.

Jioni nimebaki na mashine.
Nikaandika *mtoto*, nikafuta.
*Nakala*, nikafuta, nikaona haya.
*Mke mwenza* ikakataa: neno moja, imesema.
*Mtani* ikakubali, lakini kwa katuni peke yake,
na kaseti ile bado ilikuwa mezani,
na kikohozi cha msimuliaji
ambacho hakimo kwenye kitabu chochote
na ambacho mimi, tangu utotoni,
nilidhani ni Mihambo anayekohoa moshi wa mzinga.

Nikafungua saraka ya kadi za zamani,
ile tuliyoambiwa tuichome.
Kadi moja tupu. Kalamu ya wino.
*Nyanzobe, bintiye msimulizi. Kwa mdomo. Sikonge.
Mizinga sita.*
Namba ya rafu: *getini*.

Jana kijana mmoja kaja nayo kaunta,
ameishika kwa ncha za vidole, anataka kuazima.
Nikamwambia aende na mia tano mkononi.
Hadithi ataipata,
ila mahindi hayaazimwi.