Daftari la Usiku

Munganga alinipa kazi ya daftari la shule,
kurasa arobaini na nane, twiga kwenye jalada.
Akasema: andika kila anapoamka.

Saa sita na nusu. Ameamka. Anauliza buti.
Saa saba. Ameamka. Nani amehamisha mlango?
Saa nane kasoro. Amevaa koti juu ya nguo za kulalia,
kopo la bukari kwapani, tupu,
anagonga kwa jirani kwa adabu ya mtu aliyechelewa zamu.

Kamalondo imelala. Umeme ulikatika tangu jioni.
Bomba la moshi la kiwandani limesimama gizani, halitoi kitu,
na baba yangu, Mwepu Kasongo, fundi wa tanuru
miaka thelathini na mmoja, mingi yake usiku,
analitazama kama anayengoja kuitwa jina.

Ananiita Musao. Musao ni mama.
Mama tulimzika mwaka ule mvua zilipogoma.
Simsahihishi tena. Saa nane usiku
sioni haja ya kumfisha mtu mara ya pili.

Siku ile munganga aliniuliza, kalamu ikingoja:
usingizi ulianza kumkataa lini?
Nikaona haya. Sisi tulikuwa tukicheka.
Miaka kumi kabla hajapotewa na jina la mtaa wetu
alikuwa akiamka kabla ya jogoo,
akifagia ua uliofagiwa,
akihesabu kuku wa watu,
nasi tukasema, tumepata mlinzi wa bure.
Hakuna aliyeandika.

Basi akanieleza, polepole, akitafuta maneno,
kwamba mtu akilala kichwa huoshwa,
maji hupita kwenye vijia vya ubongo
yakichukua taka za mchana,
na asiyelala, taka humgandia.
Lakini ugonjwa wenyewe nao huiba usingizi.
Nani alitangulia mlangoni, mwizi au kufuli bovu?
Hata sisi, akasema, bado tunauliza.

Nilimwelewa kwa lugha ya nyumbani.
Baba alirudi asubuhi mikono ikinuka salfa,
akatuambia juu ya chai:
tanuru lisilotolewa mavi yake
huanza kula shaba yake.

Sasa namtoa juani asubuhi, kiti kikielekea mashariki.
Chai ya jioni nimeifuta.
Akisinzia mchana namwomba anichambulie maharage,
naye huchambua vizuri, huweka mawe upande wake.
Usiku mwingine hunilipa nusu saa.
Nusu saa ni mali.

Jana nililala mimi, kwenye kiti, kalamu mkononi.
Nilipoamka mkono ulikuwa mtupu.
Mshumaa ulikuwa umebaki kucha moja,
naye ameinamia daftari,
na ule mwandiko unaolala kulia,
uliosaini ripoti zangu zote za shule,
ulikuwa umejaza mistari mitatu:

Zamu ya usiku. Moto sawa.
Msaidizi amelala, asiamshwe.
Hakuna aliyeumia.

Akanirudishia kalamu bila kuniita jina lolote.
Akaketi kitandani, akafungua taratibu kamba
za buti ambazo hakuwa amevaa,
akazipanga pamoja sakafuni, akageukia ukuta.

Saa kumi. Saa kumi na moja.
Sikuwa na la kuandika.