Barua Iliyowekwa Ndani ya Sanduku la Bastola

Bwana Tavernola,
bastola yako inarudi ilivyokuja,
imeviringwa katika gauni la kulalia la mama yako.
Sikupata kitambaa kingine kinachoijua.

Kwanza kamani.
Ilikatika pale inapopinda,
kama kidole kilichochoka kuonyesha.
Sikununua ya dukani. Nilifua mwenyewe,
pua juu ya makaa ya mwaloni,
nikaizamisha kwenye mafuta ya zeituni yaliyochacha.
Ya kwanza ilivunjika.
Ya pili ikavunjika, nikaitukana kwa lugha ya bondeni
ambayo kasisi wetu hujifanya haielewi.
Ya tatu niliirudisha motoni polepole
nikiitazama rangi: manjano ya majani makavu,
kahawia, zambarau,
kisha buluu, ile ya shingo ya njiwa.
Hapo hapo nikaitoa. Pumzi moja zaidi
ingekuwa waya wa kuanikia nguo.

Mbwa ni mzima.
(Huku Gardone, chuma kinachobana jiwe twakiita mbwa.
Gumegume yako ina mbwa mwembamba, mwenye adabu.)
Nimembadilishia jiwe na kipande cha ngozi.

Skrubu mbili ni mpya. Nimezitia alama
asije fundi mwingine, miaka mia ijayo,
akadanganywa na uzuri wake.
Mkono wa mti sikuugusa.
Uliniomba niung'arishe. Sikuugusa.
Ule weusi ni jasho la watu wenu.

Sasa jino.

Ndani ya mtambo kuna kigurudumu chenye mapengo mawili:
pengo kamili, ambapo silaha hukodoa macho,
na pengo la nusu, ambapo husinzia
jino likiwa limeishika.
Pengo la nusu lilikuwa limelika.
Nilidhani ni umri. Nikavaa miwani.
Umri hula kwa kulamba, Bwana;
tupa hula kwa kung'ata.
Kuna mtu aliyetaka mtambo uvutike kwa ulaini,
mteja atabasamu, alipe,
akailaza silaha ukingoni mwa kitanda.

Nikafuta kutu kwa mafuta ya taa.
Vikatokea vitone vitatu, na mwaka: 57.

Vitone vitatu ni vya baba yangu, Battista.
Tupa yake ndiyo hii niliyoishika.
Mpini wake una bonde la dole gumba lake,
na dole gumba langu hulala humo bila kutafuta.

Uliniambia kwenye simu, ukicheka,
kwamba mjomba wako Faustino
alitobolewa kiganja siku ya harusi ya mama yako
akishindilia baruti tupu, bastola ikiwa nusu;
na kwamba nyinyi watoto mlilibonyeza lile kovu
mkidhani ni kitovu cha pili.
Harusi ilikuwa mwaka gani, sikukuuliza.
Nyuma ya picha huenda umeandikwa.
Usinitafutie.

Baba alikuwa fundi mzuri. Naandika hivyo
kwa sababu ni kweli,
na kwa sababu mwaka ule, nasikia,
viwanda vilifungwa miezi mitatu, mto Mella ukapita mtupu,
bila kusukuma hata nyundo moja.
Najua. Kiganja hakijui.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Chuma huzoleka kidogo:
nimechonga kigurudumu kipya, siku nne,
na pengo la nusu ni refu, lina pembe kali.
Nimelijaribu mara mia mbili, mbwa akiwa amebanwa,
nikivuta kwa nguvu zangu zote, na mimi si mnyonge.
Haliachii.

Hesabu yako:
kamani, euro mia moja themanini.
Skrubu, ishirini na nne.
Jiwe na ngozi, tisa.
Kigurudumu, nimeacha wazi. Usipige simu kuuliza.

Desturi yetu ni kumrudishia mteja vipande vya zamani.
Vimo katika bahasha ya kaki, chini ya gauni:
kamani iliyokatika, skrubu mbili, jiwe.

Kuna kimoja hakimo.
Hicho nakuomba.

Ersilia, wa Battista