Namba ya Siri

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kati ya fundi baiskeli na duka la mafuta ya taa,
nina meza, mwavuli mwekundu wa kampuni,
daftari la kurasa mia mbili
na simu tatu, kila mtandao na yake.

Watu huuliza: hasa unauza nini?
Fundi Kilua anauza tairi na minyororo,
vitu vyenye uzito, vinachafua mkono.
Mimi nauza hewa yenye risiti.
Mtu hunipa noti zinazonuka dagaa,
nabonyeza, nabonyeza,
na huko Handeni ada ya mtoto imeshalipwa
noti zenyewe zikiwa bado mbichi drooni mwangu.

Leo asubuhi kaja Bi Mwanakheri,
yule wa mkate wa ajemi, barabara ya tisa,
kitochi kakifunga kwenye pindo la kanga
kama alivyokuwa akifunga hela zenyewe.
"Nifundishe," kasema. "Wajukuu wananifanyia,
hawanifundishi."

Tukaanza.
Nyota hii, chini kushoto, jirani ya sifuri.
Reli hii, kulia: ona mistari ilivyopitana, kama kule Stesheni.
"Na reli hii haichelewi?"
Inachelewa pia, bibi, mtandao ukisumbua.

Kusoma hajui. Ila anajua tanuri,
anajua kwa kiganja upande gani moto umezidi.
Kidole kikashika njia upesi:
chini kushoto, juu kabisa, katikati, chini.
Kioo hakukitazama.
Alisikiliza mlio.

Nilipofika kwenye makato, akanuna.
"Hela yangu mwenyewe niilipie nauli?"
Ndiyo, hata ikisafiri bila miguu.
Nikamweleza meseji za wezi:
ile hela tuma kwenye namba hii;
nimekosea kutuma, nirudishie;
hongera, umeshinda.
"Wezi wa zamani," akasema, "walau waliparamia dirisha.
Walitoka jasho."

Ikabaki namba ya siri.
Nikageuza uso, nikamtazama Kilua na pampu yake.
Hapa, bibi, uko peke yako.
Tarakimu nne, asizijue mjukuu, nisizijue mimi,
hata marehemu mzee angekuwepo, asizijue.

Kimya.
Halafu, kama mtoto aliyeambiwa asome kimoyomoyo
na midomo ikamponyoka,
Bi Mwanakheri akazitaja, moja, moja.
Ulikuwa mwaka.
Na baada ya mwaka, jina.
"Binti yangu wa kwanza," akasema. "Hakufika arubaini.
Tangu tuhame Makorora hakuna aliyeniuliza habari zake."
Akabonyeza kukubali.

Kwenye semina ya mawakala, siku mbili, soda na biskuti,
tuliambiwa: mteja akitaja namba yake mbele yako,
mwambie aibadilishe papo hapo.
Kijitabu ninacho. Ukurasa wa nne, wino mzito.

Nikafungua mdomo.
Simu yake ikalia: muamala umekamilika,
elfu kumi na mbili, kwa tajiri wa unga, Mgandini.
"Imefika?"
Imefika.
"Na jina langu kaliona?"
Kaliona lote, kwa herufi kubwa.
Akakaa kidogo kwenye benchi la Kilua,
akarekebisha ushungi, akaliwaza jambo hilo:
jina lake kutangulia
na yeye bado hajainuka.
Kisha akaondoka, unga hausubiri.

Jioni nafunga hesabu.
Salio la simu sawa, noti pungufu mia tano,
nitajaza mwenyewe.
Kila kitu kimo daftarini, jina, saa, saini au dole gumba,
isipokuwa tarakimu nne
nilizopokea bila risiti,
wala hakuna namba ninayoweza kuzitumia zikafika.

Kesho nitapita barabara ya tisa, nimwambie abadilishe.
Sheria ni sheria.
Ila aweke nini?