Zamu ya Dakika Kumi

Saa nane na nusu mchana. Wamegeukia ukuta wakaomba,
kisha wakageukiana na kuanza kutukanana
kwa lugha ya heshima.
Siwa imelala mezani kama mgonjwa tajiri,
na mimi niko juu yao, kwenye roshani ya waandishi,
masikio yangu mawili yamekodiwa na taifa.

Zamu yetu ni dakika kumi. Unaingia, unasikiliza,
Fenella anakugusa bega, unatoka kwenda kuchapa
maneno ambayo bado yana mate.

Kazi ni hii: mheshimiwa akigugumia, usigugumie naye.
Akirudia jambo mara tatu, liache mara moja.
Akimwita mwenzake mwongo, Spika atasimama:
"Utulivu! Mheshimiwa afute kauli."
Naye ataifuta,
ila uso wake hautaifuta.

Leo wamebishania samaki, wamebishania magereza.
Mbunge mmoja wa Lincolnshire amesema nusu saa juu ya viazi
na nilimpenda, kwa kuwa alivijua viazi.
Wakubwa walipoingia, mabenchi ya kijani yakajaa hadi ngazini,
wakazomea, wakanguruma, wakapunga karatasi.
Debe tupu na debe lililojaa:
ukiwa juu, yote yanavuma sawa.

Kisha kengele. Dakika nane. Watu wakakurupuka
kutoka kwenye supu, kutoka kwenye simu za wake zao,
Ndiyo mlango huu, Siyo mlango ule,
wakahesabiwa kama kondoo wanaojua zizi lao.
Ndiyo wameshinda. Ukumbi ukamwagika.

Saa nne usiku wamebaki watu sita,
na panya mmoja chini ya benchi la tatu
ambaye hayumo kwenye orodha.

Ndipo akasimama Gwenllian Probert,
karatasi moja mkononi, miwani imepanda nyweleni,
kusema juu ya daraja.
Si daraja kubwa. Magari mawili hayapishani juu yake.
Limefungwa mwaka wa tatu sasa kwa sababu ya ufa
ambao wahandisi wameupiga picha, hawajaugusa.
"Yupo mzee," akasema, "Emrys Pugh, wa jimbo langu.
Kaburi la mkewe liko ng'ambo. Analiona akiwa jikoni.
Kulifikia ni maili kumi na nne kwa basi, na basi,
na basi lenyewe limeondolewa mwezi wa pili."

Hapo akanyamaza.
Nilitazama saa: sekunde tisa.
Hatuna alama ya kuandikia hilo.

Naibu waziri, bwana Thackray, alifunika kalamu yake
akasoma jibu lililochapwa tangu Alhamisi:
amemsikia mheshimiwa, anamshukuru kwa kulileta suala hili,
fedha zipo kwenye mafungu, mafungu yako kwenye mapitio,
mapitio yatatoka kwa wakati wake.
Kila neno safi. Sikuwa na cha kusahihisha.

Nikampelekea yule mama kikaratasi kwa mkono wa tarishi:
Tafadhali, jina la mzee huandikwaje?
Kikarudi, penseli imekandamizwa hadi upande wa pili,
herufi moja moja, kubwa,
kama mtu anayechonga jiwe,
na chini yake: Usiisahau h ya mwisho. Huwa anakasirika.

Nikaiandika h.
Na "na basi" nikaiacha mara mbili, alivyoisema.
Mhariri akiniuliza kesho, nitasingizia uchovu.

Walinzi wa milango wakapaza ile sauti ya kale,
korido kwa korido: "Nani aenda nyumbani?"
Mimi. Nilivaa koti, nikatoka mvuani,
nikauvuka mto Thames kwa miguu.
Dakika nne.
Nilizihesabu.