Nukta Nje ya Semi

Jumapili, Ghala, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kinakohoa.
Simu kutoka Bahla: fundi Muhenna
amesimama mbele ya mita ya maji, jua la saa saba utosini,
na mita inamkatalia.
"Mwongozo wenu unasema nywila ni hii. Nimeandika hii."
Nisomee ulichoandika, nikamwambia.
"Falaji saba nukta."

Nukta!
Nukta ile yangu. Niliitupia ndani ya semi
kama mtu avuavyo viatu mlangoni bila kutazama,
maana ndivyo nilivyofunzwa: sentensi ikiisha
nukta iingie, ifungiwe humo humo na maneno.
Na Muhenna, mtu mwaminifu, aliandika kila alichopewa.
Mara tatu. Mita ikajifunga.

Tangu siku hiyo nimebandika karatasi chini ya skrini:
kilicho kati ya fungua semi na funga semi ni kiapo.
Usitie chako. Usipunguze.
Kama pumzi imekuishia, ikuishie nje.

Sreejith wa meza ya pili ana vita vyake.
Programu ya kuandikia humpindia alama, “hivi”,
kope za bibi harusi,
na kompyuta haitaki urembo, yataka zilizonyooka, "hivi",
misumari.
Ukurasa wa Kiarabu nao una zake, «hivi»,
na nukta yake huanguka kule
ambako mimi ndio kwanza ningeanza.

Mama hakuwa na hata moja.
Barua zake za Wete, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
ukurasa mzima pumzi moja
salamu bei ya karafuu jirani kafariki na wewe je unakula
wala hatukupotea. Tulijua sauti yake inatua wapi.

Jana Nabhan, kaka yangu, kaniletea tangazo la hitma
nilipitie, kwa kuwa ndiyo kazi yangu:
Mama alituusia, "Msigombane."
Nimekaa na nukta hiyo hadi adhana ya alfajiri.
Nabhan alikuwa bado yuko njia ya Nizwa.
Mimi ndiye niliyekuwapo kitandani pake.
Alisema msigombane, kisha akavuta pumzi
ya mtu mwenye neno jingine mdomoni.
Labda kwa ajili ya nyumba. Labda mbele ya watoto.
Labda alitaka chai tu.

Nikarekebisha, nikamrudishia:
Mama alituusia, "Msigombane".
Akajibu: mbona ni yaleyale?

Ni yaleyale, Nabhan. Chapisheni.
Hiyo nukta ya nje ni yangu mimi.
Yeye alikuwa bado.