Katibu Hana Kura

Skuli ilianza kwenye meza ya kulia chakula,
nyumbani kwa Marijke, Mbweni, nyuma ya ukuta wa asumini:
watoto sita, ubao mmoja, feni inayolia kama kinda.
Nilikuwapo. Niliitwa nihesabu viti.
"Bi Mize, wewe unajua barua za serikali."
Kweli najua. Miaka kumi na tisa Wizarani:
namjua afisa asiyesoma aya ya pili,
naujua mhuri unaokubali mpaka upuliziwe.

Basi nikaandika.
Kwa Wizara, kwa Kamisheni ya Ardhi, kwa msajili,
kwa Sheha Ussi Pandu,
aliyetia saini juu ya boneti ya gari, akauliza:
"Na wetu watasoma?"
Nikamwambia katiba bado haijaandikwa.
Akacheka. "Ikishaandikwa, nijibu."

Katiba tuliiandika Ramadhani ile,
wao wakinywa maji jikoni, kwa kujificha, kwa adabu,
mimi nikimeza mate juu ya Kifungu cha Nne:
Bodi itakuwa na wajumbe saba, wazazi wanaolipa ada.
Wanaolipa ada.
Maneno mawili tu, lakini mlango mzima
umening'inia kwenye bawaba ile.
Na Kifungu cha Tisa:
Katibu atahudhuria, ataandika, hatapiga kura.
Hicho nacho nilikiandika mimi,
kwa mwandiko wangu mzuri, bila ya kufuta.

Wanakuja na mikataba ya miaka miwili.
Mwenyekiti wa kwanza alihamishiwa Maputo.
Wa pili hoteli yake ilifilisika.
Wa tatu, mtu mwema kabisa,
aliuza kila kitu isipokuwa paka, akaenda zake.
Kila mpya anauliza yale yale:
kwa nini maji tunalipia mara mbili?
Nani aliyeamua sare iwe rangi ya ndimu?
Nami nafungua jalada.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tuliambiwa;
huyu ya tatu tunampa uenyekiti,
ya nne tunamsindikiza uwanja wa ndege.

Jumanne iliyopita, ajenda ya sita:
Ilham, miaka saba, mtoto wa Mwanakhamisi mpishi.
Humsubiri mamaake chini ya dirisha la darasa la pili,
na kwa kusubiri tu
amejua kuhesabu kwa Kifaransa mpaka sitini.
Donato akasema tukianza na mmoja hatutajua pa kuishia.
Nalini akauliza kuhusu bima.
Mtu akataja bajeti ya jenereta.
Watatu ndiyo, watatu hapana, mmoja yuko likizo Oslo.
Chai ikapoa.
Mwenyekiti akanigeukia: "Katiba inasemaje?"

Sita mezani, na hakuna hata mmoja aliyeisoma.

Kifungu cha Kumi na Nne, nikasema. Aya ya pili.
Nikaisoma polepole, kama mtu anayesoma dawa kwenye chupa:
Mtoto wa mfanyakazi atahesabiwa kuwa mtoto wa skuli,
na ada yake itabebwa na skuli.
Feni ikalia.
"Nani aliyeandika hii?"
Bodi, nikasema. Saini hizi hapa, saba, zote.
Wakazitazama saini za watu waliokwisha kuondoka
kama mtu anayetazama picha za mababu wa nyumba aliyopanga.

Kumbukumbu nilizichapa usiku ule ule:
Ajenda ya sita imepita kwa mujibu wa katiba.
Katibu hakupiga kura.

Asubuhi Ilham aliingia kwa mlango.
Viatu vikubwa, vya binamu yake.
Akakaa, akageuza shingo,
akalitazama dirisha kutoka upande huu,
muda mrefu, mpaka mwalimu akamwita jina.

Lakini Sheha Ussi aliuliza "wetu",
hakuuliza wa mpishi.
Nyuma ya ukuta wa asumini kuna watoto mia na kitu,
nao aya yangu haikuwafika; wino niliuogopa.
Amestaafu sasa, anauza vocha kwenye kona ya msikiti.
Nikipita humwamkia haraka
na naangalia chini, kama niliyeangusha sarafu.