Mlinzi wa Mstari

Januari, Łódź. Kiwanda cha nguo kimegeuka jumba la sanaa,
na mimi, Zenon, nimepewa kiti, simu ya upepo na ukumbi mmoja.
Kazi yangu ni mstari wa njano uliobandikwa sakafuni:
watu wabaki upande huu, sanaa ibaki upande ule.
Wiki ya kwanza huo ndio mstari pekee niliouelewa.

Wa pili ni wa Jagoda Wierzbowska.
Unaanzia karatasini, kwa mkaa, kama mtu anayejaribu kalamu;
unatambaa, unasita, unarudi nyuma kana kwamba umesahau funguo,
halafu, ukingoni mwa karatasi, haukomi.
Unakuwa waya.
Unachomoza ukutani mwembamba kama unywele wa mvi,
unaizunguka nguzo, unajikunja, unajikunjua,
unaning'inia katikati ya ukumbi.
Ukiutazama kwa upande ni kiti.
Sogea hatua mbili: si kiti tena,
ni hewa iliyokwaruzwa.

Mzee mmoja alisema, "Hata mjukuu wangu angeweza."
Nikamwambia amlete mjukuu. Hakurudi.

Bi Halszka, mfagizi,
aliukuta mstari mwingine sakafuni, mweusi, wenye mawimbi,
akaupiga dekio mara tatu.
Haukutoka.
Akainua macho, akaiona taa, akauona waya,
akacheka peke yake mpaka ndoo ikatikisika.
Tangu siku ile hukiruka kivuli, sketi ameishika,
kama anavuka kijito.

Mama yangu alifanya kazi humu humu, ghorofa ya pili,
mitambo kumi na sita, miaka thelathini na mmoja.
Uzi ukikatika aliusikia kabla hajauona,
akaufunga fundo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mkate.
Hakuna aliyelipa kiingilio kumtazama.
Nyuzi zake zilikwenda kuwa shuka za hospitali;
watu wakazaliwa juu yake, wakafa, zikafuliwa.

Nilikuwa nikimuwaza Alhamisi jioni, nikizima taa,
kifungo cha koti langu kiliponasa.
Mlio mdogo, wa mbu.
Palipokuwa pamenyooka pakatokea pembe,
goti la panzi.
Samaki hukunjwa angali mbichi; waya huu ulikwisha kukomaa,
na kila nilipojaribu kuunyoosha
ulinikumbusha kwamba mimi si fundi.
Kwenye daftari la zamu sikuandika neno.

Jumamosi akaja Jagoda na wanafunzi wake, theluji mabegani.
Mstari, aliwaambia, ni pale mkono ulipopita:
mkono umekwenda zake, uamuzi umebaki.
Wakaandika. Hata huko kuandika kwao
ilikuwa mistari juu ya mistari.
Kisha akafika penye goti.
Akanyamaza.
Akachuchumaa, akauangalia waya kwa chini, kwa ubavuni,
akaniangalia mimi, akaliangalia koti.
"Hapa si pangu," akasema.
Nikangoja jina langu lipelekwe ofisini.
Akaomba ngazi. Akapanda, akaisogeza taa moja,
unene wa kidole, akashuka, akafuta mikono kwenye suruali,
akaendelea na somo.

Sasa kivuli cha goti lile kinavuka mstari wa njano,
kinakuja kuishia kwenye kiatu changu cha kushoto.
Nimeagizwa kuzuia watu. Habari za vivuli sikuambiwa.
Nasogeza mguu kidogo, nakipisha.